Mota ya tatu ya mlango wa gereji imekufa ndani ya miaka 6. Safari hii ninunue ya aina gani?

#1 KaziNaDawa
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa waliopitia haya, maana nimechoka.

Mlango wangu ni ule wa vipande vinne unaopanda na kulala chini ya dari. Ni wa bati, upana wa magari mawili, una miaka 9. Mota zote nilizotumia ni za cheni, za kufunga darini. Ya kwanza ilikufa usiku wa radi. Ya pili ilifika mahali ikawa inazunguka yenyewe lakini cheni haisogei, na sakafuni chini yake kulikuwa na unga mweupe. Hii ya tatu, tangu juzi nikibonyeza rimoti inanguruma sekunde mbili tatu, inakata, taa inamulika. Nikiusaidia mlango kwa mkono, unapanda.

Juu ya gereji ndiko anakolala mama yangu, na usingizi wake ni mwepesi. Kila nikirudi usiku cheni inamwamsha. Kwa hiyo nataka kimya, nguvu na kitu cha kudumu. Nimeona za mkanda, za skrubu ndefu na za kufungwa ukutani. HP (nguvu za farasi) ngapi inatosha? Nawaza nichukue kubwa kuliko zote niachane na habari hii.

#2 TulizaBoli
Nakaa hapa, nami nina mlango kama huo.

#3 MzeeWaSpringi
KaziNaDawa, usinunue kitu kwanza. Mota haikuumbwa kubeba mlango. Anayebeba mlango ni springi, zile nene zilizovalishwa kwenye bomba juu ya mlango. Mota kazi yake ni kuuongoza tu, kuuanzisha na kuusimamisha. Ukiona mota tatu zimekufa kwenye mlango mmoja, muulize mlango.

Fanya hivi leo. Funga mlango hadi chini. Chomoa mota kwenye umeme. Vuta ile kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli ili mlango uachane na mota. Sasa unyanyue kwa mkono hadi usawa wa kiuno, kisha uachie polepole, mikono ikiwa karibu. Mlango mzima wa afya unatulia hapo hapo. Ukishuka, springi zimechoka. Ukipanda wenyewe, zimekazwa kupita kiasi. Na usivute kamba hiyo mlango ukiwa juu. Springi ikiwa imekatika, mlango wote unakuja chini kwa mpigo.

#4 Nyundo Ndogo
Namheshimu mzee hapo juu, lakini dalili za mota ya tatu ni kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme wa kuisukuma mota ianze. Inanguruma, haizunguki, ukiisaidia inaenda: hiyo ndiyo tabia ya mota ya umeme wa kawaida ambayo kapasita yake ya kuanzishia imekufa. Springi hazihusiki. Badilisha kapasita, mota inafufuka.

Ile ya pili ni giya. Unga mweupe ulioukuta ni nailoni. Ndani ya mota nyingi za cheni kuna giya ya plastiki nyeupe inayosagana na skrubu ya chuma. Meno yakiisha, mota inazunguka na cheni inakaa. Na ya kwanza umesema mwenyewe ni radi. Vifo vitatu, sababu tatu.

#5 MzeeWaSpringi
Nyundo Ndogo, kijana wangu, giya iliisha kwa nini? Nailoni haijisagi yenyewe. Inasagika kwa sababu inabeba mzigo usio wake. Na kapasita inachemka kwa nini? Kwa sababu mota inahangaika kuanza. Wewe unatazama alipoangukia mgonjwa, mimi nauliza nani alimsukuma.

#6 Nyundo Ndogo
Giya inaisha hata kwenye mlango mwepesi kama haijapakwa grisi miaka yote. Nimeshafungua mashine kadhaa ambazo grisi ilikuwa imekauka kama nta. Lakini kipimo chako cha kiuno nakikubali, afanye.

#7 Bi Faraja
Mimi si fundi, ni mwenye nyumba tu. Kuhusu kelele: nilitoa mota ya cheni nikaweka ya mkanda. Mkanda ni wa mpira wenye nyuzi ngumu ndani, meno yanashika bila kugongana chuma kwa chuma. Tofauti niliisikia siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo chumba cha juu kilikuwa kinatetemeka mpaka glasi iliyo mezani inalia.

Ila nikuambie kilichonisaidia zaidi. Fundi aliweka vipande vya mpira mzito kati ya mota na dari, na akabadilisha yale magurudumu ya chuma yanayotembea kwenye reli akaweka ya nailoni yenye beringi. Kelele nyingi ilikuwa ya mlango, siyo ya mota.

#8 Redio Mbao
Bi Faraja amesema kweli tupu. Mota inaning'inia kwenye vyuma vilivyopigwa moja kwa moja kwenye boriti, na boriti ndiyo sakafu ya mama. Dari inageuka ngoma. KaziNaDawa, kama mama analala juu, fikiria ile ya kufungwa ukutani. Inashika ncha ya lile bomba la springi na kulizungusha. Haina reli darini wala cheni, haining'inii popote. Mtikisiko unaingia ukutani na unapungua sana.

Ukishaifunga, dari inabaki wazi pia. Mimi huko juu naweka ngazi na baiskeli.

#9 Ukuta Mnene
Redio Mbao, umeacha nusu ya habari. Ya ukutani inataka mlango wenye springi za kuzunguka juu ya bomba. Wenye springi za kuvutika pembeni, zile zinazonyooka kama mpira wa manati, hawawezi kuitumia. Inataka nafasi pembeni mwa mlango pia, na kifaa cha kuchunga waya, ule unaounyanyua mlango, usilegee. Mota ya darini inausukuma mlango chini, lakini ya ukutani inafungua tu waya na kutegemea uzito wa mlango ushuke wenyewe. Mlango ukikwama njiani, waya unalegea na kuruka kwenye gurudumu linaloukunja. Nilishuhudia kwangu: upande mmoja ulibaki juu, mwingine chini, mlango umekaa mshazari. Kazi ya kuurudisha ilichukua mchana mzima.

#10 TulizaBoli
Na za skrubu ndefu vipi? Naona wachache wanazitaja.

#11 Nyundo Ndogo
Zina vyuma vichache vinavyotembea, zinapanda haraka, lakini baridi kali ikiingia grisi inakuwa nzito na mashine inalegea. Kelele yake iko kati ya cheni na mkanda. Mimi kwa chumba cha mzazi juu siwezi kuipendekeza.

#12 KaziNaDawa
Asanteni. Nimefanya kipimo cha mzee.

Kiunoni mlango ulitulia. Kifuani ulitulia. Nikaushusha hadi usawa wa goti nikaachia: ukaanza kushuka taratibu, halafu ukaongeza mwendo, ukagonga sakafu. Nikarudia mara tatu, ni vile vile. Kuunyanyua kutoka chini kabisa nilihitaji mikono miwili, na kuna mlio wa kukwaruza upande wa kushoto.

Jambo jingine nililosahau: mwaka juzi niligongomea mbao nyepesi na sponji za kuzuia joto upande wa ndani wa mlango wote.

#13 MzeeWaSpringi
Sasa tumefika! Umeuongezea mlango uzito na springi ni zile zile. Springi huchaguliwa kwa uzito wa mlango uliopimwa. Mlango wa magari mawili wenye kinga ya joto unaweza kufika kilo 90 na kuzidi. Springi zikikosa hata robo ya nguvu inayohitajika, kila safari mota inabeba kilo ishirini na kitu ambazo hazikuwa zake. Mwite fundi wa milango, aupime uzito, akuwekee springi zinazolingana.

#14 Ukuta Mnene
Mzee, mbao kaziweka mwaka juzi. Mota ya pili je, ilikufa lini?

#15 KaziNaDawa
Mota ya pili ilikufa kabla ya mbao. Miezi kama minne hivi kabla.

#16 Nyundo Ndogo
Kwa hiyo mbao hazikuua ya pili. Asante Ukuta Mnene kwa swali hilo.

#17 MzeeWaSpringi
Hazikuua ya pili, lakini umri wa springi ulikuwa umeshaanza. Springi hudumu miaka 10, mlango wake una 9.

#18 Hesabu za Mlango
Mzee shikamoo, naomba kurekebisha hapo. Springi hazihesabiwi kwa miaka, zinahesabiwa kwa safari. Nyingi za kawaida zimetengenezwa kwa safari 10,000, na safari moja ni kufungua na kufunga. Anayefungua mara 4 kwa siku atazimaliza baada ya siku 2,500, karibu miaka 7. Anayefungua mara 8 kwa siku, siku 1,250, yaani miaka mitatu na nusu hivi. KaziNaDawa, kwako mnafungua mara ngapi?

#19 KaziNaDawa
Tuko watu wazima wanne na magari mawili, na watoto wanapitia hapo hapo kutoka shule. Sijawahi kuhesabu. Mara 8 haikosi.

#20 MzeeWaSpringi
Marahaba Hesabu. Nimekubali, na hesabu yako imenipa nguvu zaidi. Mara 8 kwa miaka 9 ni zaidi ya safari 26,000. Ajabu ni kwamba hazijakatika.

#21 Ukuta Mnene
Au zilishabadilishwa na mwenye nyumba wa zamani. KaziNaDawa, ulijenga au ulinunua?

#22 KaziNaDawa
Nilinunua. Nina miaka 6 hapa.

#23 Redio Mbao
Basi miaka mitatu ya mwanzo hatuijui. Mimi naona ule mkwaruzo wa kushoto haujapewa haki yake. Mlango unaotulia kiunoni na kifuani springi zake si mbaya kiasi hicho. Kushuka kutoka gotini ni jambo ambalo milango mingi inalifanya kidogo, kwa sababu pale chini karibu vipande vyote vimesimama wima na uzito wote uko kwenye waya. Angalia reli ya kushoto kama imepinda, au gurudumu limekufa. Msuguano unaila mota sawa sawa na uzito.

#24 MzeeWaSpringi
Kushuka kidogo ndiyo. Kugonga sakafu hapana.

#25 Bi Faraja
Naomba jambo moja lisemwe kabla hajapanda ngazi mwenyewe. Springi za juu ya bomba ASIZIGUSE. Kaka yangu alilegeza zile skrubu za pembeni akidhani ni za kushikilia tu. Fimbo ya chuma aliyokuwa ameichomeka ilizunguka na kumvunja mkono sehemu mbili. Ni kazi ya fundi mwenye fimbo zake maalumu.

#26 MzeeWaSpringi
Ubarikiwe Bi Faraja, hilo lilipaswa kuwa neno langu la kwanza. Magurudumu, bawaba na grisi afanye mwenyewe. Springi, waya, na zile bawaba za chini kabisa zilizoshika waya, asiguse.

#27 TulizaBoli
Turudi kwenye HP. Kwangu natazama ya 1/2 HP na ya 3/4. Kubwa si ndiyo salama zaidi?

#28 Hesabu za Mlango
Kubwa si salama zaidi. Mlango uliosawazishwa, hata wa magari mawili, 1/2 HP inaweza kuuvuta. 3/4 inakupa nafasi ya kupumua kama mlango ni mzito au unafunguliwa mara nyingi. Ukikuta zimeandikwa kwa nyutoni (kipimo cha nguvu ya kuvuta na kusukuma), 600 ni za mlango mdogo, 1,000 ni za mkubwa. Nyutoni 1,000 ni kama kunyanyua kilo 100, sasa jiulize mota hiyo ikikutana na mtu chini ya mlango.

Kununua mota kubwa ili kuficha mlango mbovu ni kuhamisha tatizo. Badala ya giya kukatika, kinachopinda ni kipande cha juu cha mlango pale mkono wa mota uliposhika. Mlango mwepesi wa bati usiotiwa chuma cha kuimarisha pale juu unachanika kabisa.

#29 Mlinzi wa Lango
Hapo pa mtu chini ya mlango ndipo pangeanza uzi huu. Watoto wanapita hapo, KaziNaDawa amesema mwenyewe. Mota yako ina macho ya usalama? Yale mawili yanayotazamana chini pembeni mwa mlango.

#30 KaziNaDawa
Yapo, lakini fundi aliyafunga juu, karibu na mota, yametazamana. Alisema yakikaa chini yanasumbua na vumbi.

#31 Mlinzi wa Lango
Mkuu, yatoe huko leo. Macho yaliyofungwa darini hayaoni chochote, yamewekwa kuidanganya mashine. Yanakaa yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, ili mtoto anayetambaa au aliyelala chini aonekane. Ulaya walilazimisha haya tangu 1993 baada ya watoto kufa.

Na jaribu hili: laza ubao wa unene wa kama sentimita 4 sakafuni katikati ya mlango, funga kwa rimoti. Mlango ukigusa ubao lazima urudi juu wenyewe. Ukiendelea kusukuma, mashine hiyo isitumike mpaka irekebishwe.

#32 Hesabu za Mlango
Sahihisho dogo: 1993 ni Marekani. Mota za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia mwaka huo zilitakiwa kuwa na kinga ya ziada ya kuzuia mtu asinaswe na mlango, macho au ukingo unaohisi. Ulaya wana kanuni zao zinazopima nguvu ya mlango unapogonga kitu. Mengine yote uliyosema nayaunga mkono kwa mikono miwili.

#33 KaziNaDawa
Nimesoma hii mara mbili nikashuka gereji usiku huu huu. Nimeweka ubao. Mlango umeugusa, umesukuma, kisha umesimama. Haukurudi juu. Nimechomoa mashine kwenye umeme na nimewaambia watoto wapite mlango mwingine.

#34 Mlinzi wa Lango
Umefanya la maana kuliko kununua mota yoyote.

#35 Nyundo Ndogo
Kutorudi huko kunaniambia kuna mtu aliikaza ile skrubu ya nguvu ya kushuka. Mafundi wengi wakiitwa kwa mlango unaokwama wanazungusha skrubu ya nguvu mpaka mwisho, mlango unatembea, wanaondoka. Mota inasukuma kwa nguvu zake zote kila siku na giya inalia kimya kimya. Hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyoua ya pili, siyo springi.

#36 Redio Mbao
Au kikomo cha kushuka kimewekwa chini kuliko sakafu, mota ikawa inaikandamiza sakafu kila ikifunga. Nilikuta hivyo kwa jirani.

#37 Kamba Nyekundu
Mimi naongeza la umeme kukatika. Mota zangu zilikuwa za umeme wa kawaida, nikahamia ya umeme wa DC (mkondo wa upande mmoja, kama wa betri) yenye betri. Inaanza polepole na kusimama polepole, haina ule mshtuko wa mwanzo na mwisho unaotikisa nyumba. Umeme ukikatika inafungua mara kadhaa kwa betri. California wameifanya betri kuwa lazima kwa mota mpya tangu Julai 2019, baada ya watu kushindwa kutoa magari wakati wa moto wa 2017.

Kwa mama mwenye usingizi mwepesi, DC na mkanda. Sina la kujadili.

#38 Bi Faraja
Na kama gereji haina mlango mwingine wa kuingilia, hakikisha kuna kufuli la nje la kuachanisha mota. La sivyo umeme na betri vikiisha ukiwa nje, unabaki unautazama mlango wako.

#39 TulizaBoli
Kamba Nyekundu, jina lako limenikumbusha. Nimesikia wezi wanaingiza waya juu ya mlango na kuvuta hiyo kamba.

#40 Kamba Nyekundu
Ni kweli, wanapitisha waya uliokunjwa ncha kati ya mlango na fremu, wanaivua kamba. Wengine wanaifunga kwa kamba nyembamba ya plastiki ili isivutike kirahisi, lakini ukiikaza sana na wewe ndani utashindwa kuivuta siku ya moto. Mimi nimeweka kibati cha kuikinga pale juu, kamba nimeiacha huru.

#41 Redio Mbao
Mlango wa wezi upo na hewani. Rimoti za zamani zenye vile viswichi vidogo 8 hadi 12 zinatuma namba ile ile kila siku. Viswichi 12 ni namba 4,096 tu. Mwaka 2015 Samy Kamkar, mtafiti wa usalama wa mitambo, alionyesha kifaa alichotengeneza kutokana na toy ya watoto ya Mattel, kikapitia namba zote kwa chini ya sekunde 10. Chukua yenye namba inayobadilika kila ukibonyeza, mwizi akiinasa haimsaidii tena.

#42 Ukuta Mnene
Haimsaidii kirahisi. Huyo huyo Kamkar mwaka huo huo alionyesha njia ya kuzuia mawimbi na kuiba namba ambayo haijatumika. Hata hivyo, tofauti na viswichi ni mbingu na ardhi.

#43 TulizaBoli
Yangu ina viswichi. Rimoti pia inashika nikiwa mita tatu tu, zamani nilikuwa nafungua nikiwa barabarani.

#44 Redio Mbao
Umebadilisha taa ya mota ukaweka LED?

#45 TulizaBoli
Ndiyo, mwezi uliopita. Umejuaje?

#46 Redio Mbao
Taa nyingi za LED zinatoa mawimbi yanayomeza ya rimoti. Itoe, jaribu, kisha tafuta LED iliyotengenezwa kwa ajili ya mota za gereji.

#47 TulizaBoli
Nimeitoa. Nimefungua nikiwa getini! Asante sana mkuu.

#48 KaziNaDawa
Wakuu, fundi wa milango amefika. Gurudumu mbili za kushoto zimekufa, reli imepinda kidogo usawa wa goti, na mbao zangu zina uzito wa kilo 14. Springi anasema "bado zina nguvu, ila si kwa mlango huu." Macho yamehamia chini. Mama ameomba nisiwashe chochote usiku mpaka nikamilishe, na nimemwahidi.

Nimeamua mkanda, DC, yenye betri, 3/4 HP. Itafungwa baada ya springi mpya, siyo kabla.

#49 MzeeWaSpringi
Kilo 14! Niliwaambia.

#50 Redio Mbao
Reli imepinda usawa wa goti, mzee. Pale pale mlango ulipoanzia kuanguka.

#51 KaziNaDawa
Jambo la mwisho. Kabla ya kuitupa mota ya tatu niliifungua, ilikuwa imekaa nje ya umeme siku nne. Giya ni nzima, meno yote yapo, grisi ipo. Kapasita imevimba kichwani na imevuja.

#52 Nyundo Ndogo
Usiguse zile ncha zake kwa vidole, inaweza kuwa bado na chaji. Weka picha, na utusomee ile namba ya mikrofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) iliyoandikwa ubavuni.